Waamish hawakukataa umeme, walikataa waya

Jumamosi iliyopita, hatujafika hata kijiji cha Bird-in-Hand, kigari cha farasi kilichokuwa mbele yetu kikawasha taa ya kukata kona. Kilikuwa cha Waamish, Wakristo wanaojulikana kwa kukataa vitu vingi vya kisasa. Nyuma yangu mzee mmoja wa Musoma, aliyekuja Marekani kuwaona wajukuu, akasema kwa sauti ya kuvunjika moyo: "Mwanangu, si umeme kwao ni dhambi? Kumbe wanafiki."

Hapana, baba. Nilimjibu kwa adabu kwa kuwa ni mzee, lakini hapa naomba niseme bila kuzunguka. Ni mwaka wa 11 natembeza wageni hapa Lancaster, Pennsylvania, na sentensi hiyo naisikia karibu kila safari, kutoka kwa Wamarekani na kutoka kwetu. Umeme kwao si dhambi, na sijawahi kukutana na Mwamish aliyeniambia hivyo.

Mnamo 1919 hivi, nguzo zilipoanza kupita mashambani, viongozi wa Waamish wa hapa walikubaliana kwamba waumini wasivute waya wa kampuni hadi nyumbani. Betri ilikuwepo tayari, na waliiacha iendelee. Kilichowatia wasiwasi ni waya, kwa sababu ukishaingia ndani hauchagui unacholeta: leo taa, kesho redio, keshokutwa nyumba nzima inategemea watu wa mbali msiojuana nao. Betri ina kikomo na inakwisha, ikabidi uamue kama jambo hilo linastahili kuichaji tena. "Wala msiifuatishe namna ya dunia hii", Warumi 12:2, mstari tunaoujua sote. Wao wanausoma hadi kwenye soketi.

Ingia nami jikoni kwa familia moja ninayoifahamu. Friji ipo, inatumia gesi. Taa imesimama juu ya kabati dogo lenye magurudumu, mtungi wa gesi umefichwa ndani, na mama anaisukuma kutoka mezani hadi sebuleni akitaka kushona. Mashine ya kukandia unga ni ileile ya dukani, ila mota yake ya umeme imetolewa na kuwekwa ya kuendeshwa kwa hewa. Anachomeka mpira wa hewa ukutani na mashine inapiga mluzi mwembamba inapozunguka. Hewa inatoka kwa kompresa bandani, inayoendeshwa na injini ya dizeli, na bomba limepita chini ya ardhi. Watu wanaofanya kazi yote hiyo ili wakande mkate bila waya hawakwepi sheria yao. Wanaitii kwa gharama kubwa.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni maziwa. Miaka ya 1960 inaelekea mwisho, wanunuzi walitaka maziwa yapoozwe kwenye tangi kubwa na yakorogwe kwa mashine. Kukataa kungemaanisha kupoteza soko, na vijana wangeenda viwandani. Maaskofu wakakaa na wanunuzi, wakajadiliana. Tangi likubaliwe, lakini lipoozwe kwa nguvu ya dizeli. Kikoroga kitumie betri ya volti 12. Na lori lisije kuchukua maziwa Jumapili. Wanunuzi walikubali. Nawaomba wageni wangu wasikie hapo: hawakusema ndiyo wala hapana, waliuliza kitu hiki kitatufanyia nini sisi kwa sisi.

Simu ni hivyohivyo: iko kwenye kibanda mwisho wa njia ya shamba, isije ikachukua nafasi ya kutembeleana. Baiskeli hapa hawapandi, wanatumia skuta ya kusukuma kwa mguu, maana baiskeli inakufikisha mbali mno. Nenda Holmes County, Ohio, utawakuta Waamish wamepanda baiskeli bila shida yoyote. Ni watu kama 400,000 sasa, na kila usharika wa familia 25 hadi 40 una Ordnung yake, yaani kanuni zake za maisha, inayopitiwa mara mbili kwa mwaka kabla ya Meza ya Bwana. Kwa hiyo ukianza sentensi na "Waamish wote", ishia hapo.

Wamennonite, ndugu wa Waamish kiimani, nitawapitia haraka. Mzizi wao ni mmoja, ubatizo wa watu wazima, Zürich 1525. Menno Simons, aliyewapa Wamennonite jina, aliacha upadri 1536; Jakob Ammann akajitenga mwaka 1693 pamoja na wafuasi wake, ndio Waamish. Wamennonite wengi wa hapa wanaendesha magari na kuvaa kama jirani yeyote, na ni kanisa la hapahapa Lancaster lililotuma wamishenari Shirati, Tanzania, mwaka 1934. Lakini wapo pia Wamennonite wa farasi. Kigari chao ni cheusi, cha Waamish wa hapa ni cha kijivu. Nyumbani wana umeme wa nguzo na simu, na trekta lao lina magurudumu ya chuma ili lisigeuzwe gari la kwendea mjini.

Sasa shaka zangu. Nilimuuliza seremala mmoja wa Kiamish kwa nini hewa na si waya. Akafikiri kidogo, akasema, "Ndivyo tulivyokubaliana." Basi. Zile sababu nzuri nilizowapangia hapo juu nimezipata zaidi kwa wasomi kuliko kwa wenyewe, na naogopa wakati mwingine nanyoosha mstari ambao kwao umepinda. Tena siku hizi naona sola, betri kubwa na inveta kwenye karakana. Waya wa kampuni haupo, ila karibu kila kitu kinawaka. Hoja ya kikomo inapungua nguvu hapo, na mgeni akinibana naona haya kuirudia.

Na kuna adhabu yao ya kutengwa. Hatengwi kijana aliyeondoka kabla ya ubatizo. Anatengwa aliyeweka nadhiri ya ubatizo akaivunja. Tofauti hiyo ni ya kweli, na huwa naisisitiza. Lakini nimewahi kuketi na mtu anayewekewa meza yake pembeni akienda kula kwa mama yake, na sina maelezo ya kulainisha jambo hilo.

Nimebadilisha njia ya safari zangu. Kuanzia Jumamosi ijayo tunaanzia kwenye shamba la maziwa, wageni waisikie kwanza dizeli inavyonguruma bandani, ndipo tushike barabara yenye vigari.