Mota haijui hesabu: ndani ya VK-2 ya Kisovieti

Mezani kwangu kuna VK-2, ile mashine ya hesabu ya Kisovieti yenye mota, na kila anayepita karakana anauliza mbona nzito hivi halafu haina hata skrini. Mi nawaambia mota yenyewe haijui hesabu, kazi yake kuzungusha tu, mkono wa mtu upumzike. Wanaohesabu ni meno.

Chukua kisahani cha chuma chenye vijino tisa pembeni, ila vijino hivyo vinachomoza na kujificha kama kucha za paka. Ukiweka 5 vinachomoza vitano, kisahani kikizunguka mara moja gia ya jibu inasogea hatua tano, basi. Vipange kwenye ekseli moja, cha mamoja, cha makumi, cha mamia. Ukitaka 236 mara 14 huzungushi mara 14, unazungusha mara nne, unasogeza nafasi moja, unazungusha mara moja tena, 3304 hiyo hapo. Kugawanya unazungusha kinyumenyume unatoa we mpaka kengele ilie ting, ujue umepitiliza, unarudisha mzunguko mmoja unasogea nafasi inayofuata.

Wengi wanadhani hii akili ya Wasovieti. Hapana, ni ya Mswidi mmoja, Willgodt Odhner, alienda St Petersburg 1868 akawa fundi kiwandani kwa Ludvig Nobel (ndio, kaka yake Alfred wa tuzo), 1871 akaletewa arithmometa ya Thomas, mashine ya hesabu kutoka Ufaransa, aitengeneze, akaona hata yeye anaweza kubuni ya kwake tena ndogo zaidi. Mwaka 1890 kiwanda chake kikaanza kuzitoa. Kafa 1905, mapinduzi ya 1917 yakaja, familia ikahamia Göteborg ikaendelea na biashara hukohuko. Wasovieti nao wakafufua zao Moscow miaka ya 1920, wakaziita Felix, jina la Dzerzhinsky yule mkuu wa Cheka, polisi wa siri wa Kisovieti, na ile ya kuzungusha kwa mkono ikatengenezwa mpaka 1978.

Sasa kichekesho ni VK. Kampuni ya Facit ya Uswidi ilichukua meno yaleyale ya Odhner, 1932 ikatoa mashine ya vitufe kumi tu, kazi ya Karl Rudin, na Wasovieti wakauiga mpangilio huo kwenye VK-1 ya mkono halafu VK-2 wakaifunga mota. Yaani ujuzi uliondoka Petersburg ukaenda Uswidi ukarudi na vitufe.

Hii yangu ilikaa stoo miaka, grisi imekuwa gundi. Ya kwanza niliyowahi kushika niliichomeka umeme hivihivi, kijino kikakatika krak. Ukizungusha Felix ikigoma mkono unasikia, unaacha, mota haina huruma. Kwa hiyo safari hii nimezungusha kwa kidole siku tatu, mafuta ya taa kwanza, kisha ya cherehani tone kwa tone, jana ndo nikaiwasha.

236 mara 14 ikanipa 3294. Kumi nzima imepotea! Sita mara nne ni 24, kale kajiti ka kupeleka moja kwenye makumi kalitakiwa kapige mara mbili, kamepiga mara moja kakalala. Leo nakafungua tena.