Rekodi ya mikisa sio "bora", acheni hiyo

Jana tena. Jamaa kanitumia rekodi mbili za wimbo Scarlet Begonias wa Grateful Dead, bendi ya Marekani, moja ya mikisa (imechukuliwa kwa waya kutoka kwenye mtambo wa kuchanganya sauti), moja ya maiki za ukumbini (za shabiki katikati ya umati), afu anauliza "kwani hii ya pili walikuwa wamechoka?" Shoo ni hiyohiyo jamani! Usiku mmoja, vidole vilevile, gitaa lilelile. Na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe kwamba ya mikisa siku zote ndio bora na hizi za kwenye umati ni za kuokoteza. Basi leo naandika mara moja tu, atakayeniuliza tena namtumia linki.

Kazi yangu ni kuhamisha kanda kwenda kwenye kompyuta, nashinda na kaseti na rili za watu, na bendi za kujamu, yaani za kupiga kwa kubuni papo hapo, ndio zimejaza shelfu zangu kwa sababu hawa watu hawapigi wimbo mara mbili ukawa uleule. Wimbo wa Grateful Dead, Dark Star, ulitoka kama singo mwaka 1968, haufiki hata dakika 3. Ile ya Fillmore West ya 27 Februari 1969, iliyoingia kwenye albamu ya Live/Dead, inacheza kwenye dakika 23. Veneta, Oregon, 27 Agosti 1972, wamevuka 30. Mpenda sebene hahitaji kuelezwa kwa nini mtu anazitaka zote tatu.

Haya, mikisa. Fundi mitambo pale kwenye mikisa hachanganyi kwa ajili yako wewe wa miaka hamsini baadaye mwenye hedfoni, anachanganya kwa ajili ya ukumbi ule usiku ule, na ukumbi ukiwa mdogo ampu za gitaa pale jukwaani zimeshaujaza tayari, sasa aliongeze gitaa kwenye spika kubwa la nini? Analiacha chini. Anayehitaji msaada ni mwimbaji, maana mdomo hauna ampu, kwahiyo sauti ya kuimba anaipandisha. Ukichomeka kinasa sauti chako kwenye mikisa hiyo unapata kile kilichopungua ukumbini, sio kile kilichosikika. Umerekodi kiraka, nguo yenyewe imebaki ukumbini.

Ninayo kanda moja ya namna hiyo, mwimbaji yuko sikioni kabisa hadi unasikia anavyomeza mate, afu gitaa la Jerry Garcia, mpiga gitaa wao, linalia kama mbu wa chumba cha pili, na wimbo ukiisha ni kimya, kama umeme umekatika. Nikaweka rekodi ya maiki ya usiku huohuo. Ndio, kuna mwangwi, kuna jamaa anapiga mluzi karibu na maiki mpaka unatamani kumfuata. Lakini gitaa limesimama, besi inatembea sakafuni, na noti mbili za mwanzo zikipigwa unausikia umati mzima umeshautambua wimbo kabla mtu hajafungua mdomo. Niambie ipi kati ya hizo ndio "halisi".

Hapo ndipo mtu ananirushia shoo yao ya Chuo Kikuu cha Cornell. Barton Hall, 8 Mei 1977, imewekwa na Maktaba ya Bunge la Marekani kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa, ikatoka rasmi 2017, "na ile si ya mikisa?" Hapana bwana, taratibu. Ile ni kazi ya Betty Cantor-Jackson, fundi wao wa kurekodi, na Betty alikuwa hachukui makombo ya mikisa ya ukumbi, alikuwa anachanganya kwa ajili ya kanda yenyewe, kwa masikio yake. Ni kama mtu aonje pilau ya harusi afu aseme wali wote duniani ni mtamu. Kuziita zote "za mikisa" ndio chanzo cha huu ugonjwa.

Na hapa nakiri kitu. Scarlet Begonias inayoingia Fire on the Mountain ya Cornell nimeiweka namba moja miaka mingi. Fire ilikuwa mpya kabisa, imeanza kupigwa jukwaani Machi mwaka huohuo, na pale wanapovuka kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine hakuna anayekimbia, wanaachia ule mdundo ujilete wenyewe. Naipenda. Ila siku hizi sina uhakika kama ninachokipenda ni upigaji wao au ni masikio ya Betty. Mei yote ile bendi ilikuwa moto, na nina wasiwasi kuna usiku uliopigwa vizuri kuliko huo ila kanda yake imechoka, basi hakuna anayeutaja. Tunagombana nani alipiga vizuri, kumbe tunashindanisha kanda.

1974 nitapita haraka. Ule ukuta wao wa spika ulisimama nyuma ya wanamuziki, kwahiyo ili maiki zisilie kila mwimbaji alipewa mbili zilizoungwa kinyume, anaimbia moja, zinachokisikia zote mbili kinafutika. Ujanja mtupu, ila sauti za kuimba zinatoka nyembamba. Usimlaumu mwimbaji. Na albamu ya Europe '72 mnayoitolea mfano wa "laivu safi", sauti nyingi za kuimba walizirudia studio. Tuendelee.

Watu wajanja wanasema basi changanya zote mbili, ya mikisa na ya ukumbini, hiyo ndio matriki. Sawa, jaribu. Maiki zikiwa mita 30 kutoka kwenye spika, sauti inazifikia karibu milisekunde 90 baadaye, kwahiyo unatafuta pigo moja la ngoma, unalivuta mpaka yalingane, unajipongeza. Baada ya dakika mbili ngoma zimekuwa mbili. Kwa nini? Kwa sababu vinasa sauti viwili havikimbii sawa, na tofauti ya asilimia 0.1 tu kwenye jamu ya dakika 20 ni zaidi ya sekunde nzima. Unanyoosha, unasikiliza, unanyoosha tena, saa nane za usiku huna uhakika kama Phil Lesh, mpiga besi wao, kachelewa au wewe ndio umemchelewesha. Kuna matriki nilizofanya nikazifuta. Kuna moja niliisifia mwenyewe mwezi mzima, siku moja nikarudia ile ya ukumbini peke yake nikaona nimeiharibu.

Afu kuna za ukumbini na za ukumbini. Kuanzia Oktoba 1984 bendi iliwatengea warekodi eneo lao rasmi, zuri sana, ila liko nyuma ya mikisa, mbali, ndio maana wabishi waliendelea kujipenyeza mbele na maiki kwenye kofia. Mita kumi tu zinabadilisha kila kitu.

Jamaa yangu wa jana, fanya hivi. Chukua Cornell ya ukumbini, ipo, na usiisikilize kwa hedfoni, weka spika, pandisha sauti kidogo. Dakika mbili za mwanzo utaichukia. Usizime. Sikio likishauzoea ule ukumbi, subiri pale Fire inapoingia, usikie umati unavyofanya, afu uniambie kwenye ile ya Betty hicho kitu umekisikia wapi.