Si nyoka: mjusi asiye na miguu wa msitu wa Kakamega

Picha ninazotumiwa kutoka vijiji vinavyopakana na msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, hufanana: kiumbe cheusi kinachong'aa, unene wa kidole, kimelala kando ya jembe kikiwa kimeshakatwa vipande. "Daktari, huyu ni nyoka gani?" Si nyoka. Ni mjusi wa jamii ya skinki, ndugu wa yule mwenye michirizi anayeota jua ukutani kwako asubuhi, ila huyu hana miguu. Kitaalamu huitwa Feylinia currori, na hana sumu hata chembe.

Mtazame kwa karibu, akiwa hai tafadhali. Nyoka wengi wana magamba mapana tumboni. Ya huyu ni madogo, laini, na yanalingana mwili mzima, juu na chini. Jicho limefunikwa na gamba, kwa hiyo unaona nukta nyeusi tu. Tundu la sikio halipo. Kichwa ni bapa, cha kupenyeza kwenye udongo na mbao mbovu. Anayewachanganya hata wanafunzi wangu ni nyoka kipofu, maana naye magamba yake yanalingana. Hapo angalia mkia: wa nyoka kipofu ni mfupi mno na una kijimwiba nchani, wa mjusi huyu ni mrefu zaidi na butu, na ukimshika vibaya anakuachia mkononi.

Hufikia sentimita 35 hivi. Hatagi mayai, huzaa watoto.

Kwao hasa ni misitu ya mvua ya Afrika ya Kati, Kongo na Angola zikiwemo. Kakamega ni kipande cha msitu wa aina hiyo kilichobaki huku Afrika Mashariki, ndiyo maana usihangaike kumtafuta Nakuru. Na hata ndani ya msitu ana masharti. Anataka gogo lililooza mpaka ukilibonyeza linabonyea, liwe na mchwa ndani, chini yake majani yenye unyevu hata Januari. Mchwa ndio chakula chake.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mradi miti mikubwa haikatwi, msitu uko salama. Kuokota kuni kwa kibali kunaruhusiwa, na siwalaumu akina mama. Ugali haupikwi kwa utafiti. Lakini pita kando ya njia za waokota kuni uone: miti imesimama, kivuli kipo, chini kumefagiwa. Tumbili hana shida na hilo. Mjusi huyu hana pa kuishi.

Afadhali ni kwamba gogo analolihitaji yeye ni kuni mbaya, limejaa maji na hutoa moshi mtupu. Chukueni makavu, lililooza liacheni. Nanyi wageni wenye kamera, mkiligeuza gogo kumtafuta, lirudisheni palepale, upande uleule chini, kabla jua halijawafikia mchwa.