Darubini Yangu Haijaharibika: Dhana Potofu Kuhusu Nebula ya Sayari

Juzi tena. Nimeielekeza darubini kaskazini, kwenye M57, nebula ya sayari (wingu la gesi lililoachwa na nyota iliyozeeka) yenye umbo la pete, karibu na nyota Vega katika kundinyota la Lyra. Mgeni akainama, akachungulia sekunde tatu, akainuka: "Mbona kijivu? Au chombo kibovu?" Swali hili nimelijibu hadi koo limekauka.

Watu huja na picha za intaneti kichwani: nyekundu, kijani, bluu. Rangi hizo zipo kweli, ila jicho ndilo halizifikii. Gizani, chembe za jicho zinazotambua rangi huwa kama zimelala. Zinazobaki kazini huona mwanga hafifu tu, bila kujua hii nyekundu au bluu. Kamera hukusanya mwanga kwa dakika nyingi, hata saa, jicho haliwezi. Na ile picha ya NGC 3132, nebula nyingine ya aina hii, kutoka darubini ya anga za juu ya James Webb, iliyotolewa mwaka 2022, ilipigwa kwa miale ya infraredi ambayo binadamu haoni kabisa. Rangi zake zilipangwa na wataalamu. Kwenye darubini ya nyumbani, M57 ni kiduara cha moshi, upana wake karibu sehemu moja ya ishirini ya mwezi mpevu. Nebula ndogo zenye kung'aa, kama NGC 3918 ya kundinyota la Centaurus, huweza kukupa bluu kidogo. Shukuru kwa hiyo.

Sasa nisikilizeni: zimeni simu. Umekaa gizani dakika 20, macho yamezoea, halafu unafungua WhatsApp mara moja, anza upya. Usiikodolee nebula, tazama pembeni yake kidogo. Kuza hadi mara 150 bila woga, maana nyingi kati ya hizi huvumilia kukuzwa kuliko galaksi. Na kabla ya kununua lenzi ya bei mbaya, nunua chujio cha oksijeni, kinachopitisha mwanga wa oksijeni ya nebula, wa nanomita 500.7: nyota hufifia, nebula inabaki.

Mengine nayapitia haraka. Hakuna sayari inayozaliwa humo. William Herschel, aliyegundua Uranus mwaka 1781, aliona viduara vinavyofanana nayo, akaviita nebula za sayari, jina likaganda. Wala si mlipuko. Mnaichanganya na supanova, yaani nyota inayolipuka, kama ile iliyotuachia M1, Nebula ya Kaa. Hapa ni nyota iliyozeeka, ya jamii ya Jua letu, inayojivua tabaka zake. Gesi hukimbia takriban kilomita 20 hadi 30 kwa sekunde, ikiwashwa na miale ya urujuanimno ya kiini kilichobaki, na baada ya makumi ya maelfu ya miaka hutawanyika isionekane tena.

Kiini cha M57 chenyewe usiniombe nikuonyeshe. Mwangaza wake ni magnitudo 15 hivi (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), nami nina darubini yenye kipenyo cha inchi 8 tu. Hapo ndipo unaruhusiwa kuilaumu darubini.