Je, wajua kwa nini propela ya ndege hutaka kuzunguka polepole?

Chukua injini mbili za ndege ndogo. Ya kwanza ni Continental O-200, ile iliyorusha maelfu ya Cessna 150. Ina silinda nne, ujazo wa lita 3.3, na nguvu farasi 100. Ya pili ni Rotax 912 ULS ya Austria. Nayo ina silinda nne na nguvu farasi 100 zilezile, ila ujazo wake ni lita 1.35 tu.

Mtu anayejijengea ndege mwenyewe hukutana na kitendawili hiki mapema. Kama lita 1.35 zinatosha, za nini lita 3.3? Tena injini ya gari yenye farasi 100 hupatikana kwa urahisi kuliko zote mbili. Kwa nini usiichomoe kwenye gari, ukafunga propela mbele, ukaruka?

Jibu halianzii kwenye injini, linaanzia kwenye ncha ya propela.

Propela yenye kipenyo cha mita 1.8 ikizungushwa mara 2,700 kwa dakika, ncha zake hukata hewa kwa mita 254 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 900 kwa saa, hata ndege yenyewe ikiwa imesimama. Sauti husafiri kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Ncha ikikaribia mwendo huo, hewa haipati nafasi ya kupisha, hujibana na kufanya mawimbi ya mshtuko. Nguvu ya injini huishia kwenye kelele badala ya kuvuta ndege. Kwa hiyo wachonga propela hujitahidi ncha zibaki kwenye kama robo tatu ya mwendo wa sauti, au zaidi kidogo ya hapo kwa propela nyembamba za chuma.

Sasa Rotax hutoa farasi zake 100 ikizunguka mara 5,800 kwa dakika. Ukiifunga moja kwa moja propela ileile ya mita 1.8, ncha zitafika karibu mita 547 kwa sekunde. Huko sauti imeachwa nyuma kabisa.

Utasema: basi tufupishe propela. Inawezekana, ila itabidi iwe na sentimita 84 tu ili ncha zirudi kwenye mwendo wa awali, na hapo unapoteza kitu kingine. Propela hufanya kazi kwa kusukuma hewa nyuma, na kusukuma hewa nyingi taratibu hula nguvu kidogo kuliko kusukuma hewa chache kwa kasi. Ndiyo sababu helikopta hubeba mapanga marefu namna ile. Kwa hesabu za msingi, ukikata kipenyo cha propela kwa nusu na nguvu ikabaki ileile, mvuto wa ndege iliyosimama mwanzoni mwa njia ya kurukia hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Ndege ya mbio inaweza kuvumilia hasara hiyo, kwa kuwa ikishakuwa angani hewa huijia kwa kasi yenyewe. Ndege nyepesi inayoruka kwa kilomita 100 kwa saa haiwezi. Itanguruma sana na kupanda kwa tabu.

Kwa hiyo injini inataka kwenda mbio na propela inataka kwenda taratibu. Continental hulimaliza shauri hili kwa kukubali kuwa kubwa: inatoa farasi 100 kwa mizunguko 2,750 tu, na kwa mwendo huo wa pole inahitaji silinda pana. Propela hufungwa moja kwa moja kwenye krankshafti, yaani chuma kinachozungushwa na pistoni, bila gia wala mkanda. Rotax hubaki ndogo na yenye mbio, kisha huweka giaboksi mbele, mizunguko 2.43 ya injini kwa mmoja wa propela. Propela huishia kwenye mizunguko kama 2,390 kwa dakika, na nguvu ya kusokota inayoifikia huongezeka kwa kiasi hichohicho.

Wapo waliosimama katikati. Injini ya Volkswagen Beetle, yenye silinda nne zilizolala na kupozwa kwa hewa, imerusha ndege nyingi za kujijengea kwa propela iliyofungwa moja kwa moja, ikizunguka kwenye mara 3,400 hivi na propela fupi kiasi. Haileti maajabu, lakini haina cha ziada cha kuharibika, na mimi nina heshima kwa mashine za aina hiyo.

Wengi wakisikia habari ya giaboksi husema: gia ni gia, fundi yeyote atachonga mbili. Hapo ndipo watu wameumia, na kisa kinaanzia kwa wajenzi wa nyumbani mashuhuri kuliko wote.

Ndege ya Wilbur na Orville Wright ya mwaka 1903 ilikuwa na injini ya takriban farasi 12, iliyotengenezwa na fundi wao Charlie Taylor. Ilizungusha propela mbili za mita 2.6 kwa minyororo iliyofanana na ya baiskeli, biashara waliyoijua vizuri. Injini ilizunguka mara elfu moja hivi kwa dakika na propela kama 350. Mnyororo mmoja waliupinda ukakatiza katikati kama nambari nane, ili propela mbili zizunguke kinyume. Mpaka hapo hesabu zao zilikuwa safi. Lakini Novemba walipoiwasha injini huko Kitty Hawk, walikokwenda kurusha ndege, ilikohoa na kurusha mishindo, na mishindo hiyo ikaharibu vyuma vya kuzungushia propela. Vipya vilipofika, magurudumu ya meno ya mnyororo yakawa yanalegea kila mara, mpaka wakayagandisha kwa gundi kali ya tairi za baiskeli. Kisha chuma kimoja kikaonekana kina ufa. Orville alirudi kwao Dayton kwa treni kutengeneza vingine vya chuma kigumu cha springi, visivyo na tundu ndani, akarejea Desemba 11. Waliruka tarehe 17.

Kilichowatesa ni mtetemo wa kusokota. Injini ya pistoni haizungushi kwa mkono laini, hupiga. Yenye silinda nne na mipigo minne hulipuka mara mbili kila mzunguko, na kati ya mlipuko mmoja na mwingine pistoni inayobana hewa hurudisha mwendo nyuma. Krankshafti huharakishwa na kucheleweshwa maelfu ya mara kwa dakika. Kwenye gari, flaiwili nzito na springi za klachi humeza vishindo hivyo. Kwenye ndege, propela ni mzigo mzito uliokaa upande wa pili wa chuma kirefu, na chuma hicho hujisokota na kujisokotoa kama springi. Springi yoyote yenye uzito ina mdundo wake wa asili. Mtu akisukuma bembea kwa kufuata mdundo wake, hata kwa kidole, itapanda juu sana. Vivyo hivyo mapigo ya silinda yakiangukia kwenye mdundo wa chuma, kila pigo huongezea la kabla yake, mpaka chuma kinakatika. Kibaya ni kwamba macho hayaoni kitu. Ndege inaweza kuruka saa kadhaa bila dalili.

Ndiyo maana ndani ya giaboksi ya Rotax kuna kifaa cha springi cha kumeza mishindo, na kitabu chake hakiruhusu kuiacha ingurume chini ya mizunguko 1,400, maana kwa mwendo wa chini mapigo huachana sana na meno ya gia hugongana. Wengine hutumia mkanda wenye meno badala ya gia. Huo hulainisha mambo kidogo, na ukichakaa huonekana kwa macho, ila lazima ukazwe sana, na mkazo huo huvuta beringi upande mmoja muda wote. Propela ya mbao nayo husaidia kwa kuwa nyepesi kuliko ya chuma.

Tukirudi kwenye injini ya gari, kuna jambo lingine. Gari dogo kwenye barabara tambarare kwa kilomita 100 kwa saa hutumia takriban farasi 20. Ndege hutumia nguvu zote ikipaa, kisha robo tatu ya nguvu kwa saa nzima au zaidi. Juu ya hapo, propela iliyofungwa moja kwa moja huvuta krankshafti mbele, na ndege ikigeuka ghafla huipinda pia, mambo ambayo mbunifu wa gari hakuyafikiria. Waliogeuza injini za Chevrolet Corvair za silinda sita waliona krankshafti zikivunjika, wakaongeza beringi ya tano mbele kubeba mzigo wa propela. Kwa upande huu mfumo wa kupunguza mwendo una faida kubwa: propela hukaa kwenye chuma chake na beringi zake, na krankshafti hubakiwa na kazi ya kuzungusha tu.

Kwa hiyo mimi ningechagua kinyumenyume. Kwanza mwendo wa ndege, kisha urefu wa miguu yake, maana propela lazima iwe na nafasi juu ya ardhi. Hapo kipenyo kinapatikana, na kipenyo kinakupa mizunguko. Injini ndiyo ya mwisho. Kama itahitaji gia au mkanda, ningenunua mfumo ambao wengine wameshauruka saa nyingi kwa injini hiyohiyo na propela ya uzito huohuo. Kubadili kimoja kati ya vitatu hivyo ni kubadili mdundo wote.

Na kabla ya kulipia propela, uliza inazunguka upande gani. Gia mbili zinazoumana hugeuza mwelekeo, mkanda haugeuzi. Ukipata ya upande usio wako, kuigeuza nyuma mbele hakutasaidia: kama skrubu, ya kushoto hubaki ya kushoto hata uishike vipi.