"Fundi, nimehama!": dhana potofu za kubadilisha blogu

Saa mbili usiku simu ikaita. Dada mmoja wa Tanga, anayeandika mapishi tangu 2012, sauti imejaa furaha kama mtu aliyemaliza kuezeka. "Fundi, nimehama! Nimetoka Blogger, sasa niko WordPress. Fungua uone sura mpya." Nikamuuliza ile ya zamani kaifanyaje. "Nimeifuta. Ya nini tena?"

Blogger na WordPress ni programu mbili za kuendeshea blogu, na huyu ni wa nne mwaka huu kuhama hivyo. Watatu wa kwanza niliwaeleza kwa upole mmoja mmoja. Huyu wa nne amenifanya niandike.

"Makala zote zimehama, basi blogu imehama"

Kilichohama ni makala. Blogu ni makala pamoja na anwani zake, na anwani ndizo zilizomo mikononi mwa watu. Chukua makala yake ya mkate wa kumimina, aliyoiandika Julai 2013, Ramadhani ikiwa imeanza. Domeini, yaani jina la tovuti, ni yake mwenyewe, ameinunua zamani akaiunganisha na Blogger, na hilo ni jambo jema. Baada ya domeini, anwani ya makala hiyo ilikuwa /2013/07/mkate-wa-kumimina.html. WordPress aliyowekewa na kijana wa mtaani ikampa /mkate-wa-kumimina/. Mimi na wewe tukitazama tunaona kitu kimoja. Kwa seva, ile kompyuta inayohifadhi blogu na kuituma kwa wasomaji, ni nyumba mbili za mitaa tofauti, na ile ya kwanza imebomolewa. Kina mama wamekuwa wakirushiana anwani ile ya zamani kwenye magrupu ya WhatsApp kwa miaka zaidi ya kumi. Google inaijua hiyo. Waandishi wengine wa mapishi wameiwekea viungo (linki, si iliki) kwenye blogu zao. Wote hao sasa wakibonyeza wanakutana na ukurasa unaosema hakuna kitu hapa, na msomaji wa mapishi hana subira. Mchele umeshalowekwa, anaenda kwa mwingine.

Kinachoniudhi ni kwamba kinga yake haichukui hata dakika mbili, mradi uifanye kabla ya kuhama. Ndani ya WordPress, kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu, unaandika /%year%/%monthnum%/%postname%.html, na anwani mpya zinapata umbo lilelile la Blogger. Umbo tu, nasema, kwa sababu Blogger ina tabia ya kukata vichwa virefu. Makala yenye kichwa "Namna ya kupika mkate wa kumimina usiokauka hata siku ya tatu" Blogger inaikatia anwani katikati, wakati WordPress inaiandika yote. Hapo zinatofautiana tena. Lakini plagini (kiprogramu cha nyongeza) ya kuingiza makala kutoka Blogger huacha anwani ya zamani ndani ya kila makala, kwenye sehemu iitwayo blogger_permalink. Fundi anayejua kazi yake anaisoma hiyo na kuzirekebisha zote kwa mpigo. Asiyejua anakwambia "Google itazoea tu". Google haizoei, inaondoa.

Halafu kuna mdudu mmoja ambaye karibu kila mtu anamsahau. Blogu ya Blogger ikifunguliwa kwa simu, mara nyingi mwishoni mwa anwani hubandikwa ?m=1. Msomaji akinakili kiungo akiwa kwenye simu, na wasomaji wetu wengi wako kwenye simu, anakinakili na kile kimkia. Sasa WordPress nayo ina herufi m yake, inayotumika kutafuta makala kwa mwaka na mwezi. Ukiiletea m=1 inadhani unataka makala za mwaka wa kwanza, inatafuta, haioni, inakwambia ukurasa haupo. Kwa hiyo hata uliyepanga anwani vizuri, unajaribu kwenye kompyuta, kila kitu safi, huku wasomaji wa simu wanagonga ukuta na wewe huna habari. Mistari michache kwenye .htaccess, faili la maagizo ya seva, inakinyofoa kile kimkia kabla WordPress haijakiona. Ndiyo maana huwa nasema, na wateja wananiona mkorofi: ukihama, jaribu kwa simu, tena kwa kiungo ulichotumiwa na mtu kwenye WhatsApp, si ulichokiandika mwenyewe.

Picha ni kisa kingine. Mara nyingi makala zinafika WordPress lakini picha bado zinachotwa kwenye hifadhi ya Google. Ukitazama unaona blogu imekamilika. Siku zikifutwa kule, unabaki na maelezo ya mkate na kiboksi kitupu. Bonyeza picha kwa muda mrefu, ifungue peke yake, usome anwani yake inaanza na nani. Ikianza na jina lisilo lako, hujahama bado.

Na kama huna domeini, uko kwenye jina la bure la Blogger, blogspot.com? Hapo mambo ni magumu zaidi, maana Blogger hairuhusu kumwelekeza msomaji kwa 301 kwenda domeini nyingine, na 301 ndiyo lugha ambayo vivinjari na Google vinaielewa kuwa "nimehama moja kwa moja". Unachoweza ni kuiacha ya zamani ikiwa hai, kuweka kwenye templeti yake (faili linalopanga sura ya blogu) msimbo unaompeleka msomaji kwenye makala husika (sio kwenye ukurasa wa mbele, tafadhali, anayetafuta mkate usimpeleke sebuleni), kisha usiiguse tena. Usiifute, iwe mwaka huu au mwakani. Haikulipishi hata senti. Aliyekwisha kuifuta akimbilie orodha ya blogu kwenye akaunti yake, maana Blogger hukupa muda wa kuirudisha kabla haijapotea kabisa.

Kabla ya yote hayo: orodhesha anwani zako zote. Mimi nazitoa kwenye ramani ya tovuti, sitemap.xml, naziweka kwenye jedwali, safu ya kushoto ya zamani, ya kulia mpya. Kazi ya jioni moja na kikombe cha chai. Sijawahi kumwona mteja aliyejuta kuwa na jedwali hilo.

"Hawasomi kwa sababu sura ni ya kizamani"

Wanaoniambia hivi huwa nawaomba kitu kimoja: zima Wi-Fi, washa data, fungua blogu yako kwa simu ya mtu mwingine. Kisha tuhesabu pamoja. Picha ya simu ya leo ina upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti 4 hivi. Safu ya maandishi ya blogu nyingi haizidi pikseli 700 au 800. Umeweka picha 15 za hatua za mapishi kama zilivyotoka kwenye kamera: megabaiti 60 kwa makala moja. Mtu kanunua bando la jero, unataka alimalize kwenye maandazi yako?

WordPress inajitahidi kukusaidia. Tangu toleo la 4.4 la 2015 hutuma picha ya kipimo kinachoifaa skrini ya msomaji, na tangu 5.3 la 2019 hupunguza yenyewe picha inayozidi pikseli 2,560. Lakini husaidia picha zilizopakiwa ndani yake. Zile zinazochotwa nje haina habari nazo. Nimeshasema habari ya picha hapo juu.

Kwa hiyo nikiitwa kupamba blogu, kazi yangu ya kwanza ni kubomoa. Naondoa slaidi inayozunguka juu, ambayo msomaji haisubiri kamwe. Naondoa kihesabu wageni, saa ya ukutani, utabiri wa hali ya hewa, muziki unaojianzisha. Niliwahi kuikuta theluji ikidondoka juu ya makala ya pweza wa nazi. Baada ya hapo nakuza maandishi, naondoa kijivu hafifu kwenye mandharinyuma nyeupe, naacha nafasi kati ya mistari. Wateja husema, "Mbona hujafanya kitu?" Kisha wanasoma makala yao wenyewe mpaka mwisho, pengine kwa mara ya kwanza.

"Blogger ni ya wanaojifunza, WordPress ya wenye kazi"

Issa Michuzi, mpiga picha na mwanablogu wa Tanzania, alijulikana nchi nzima akiwa na anwani ya blogspot. Sina la kuongeza kwa upande huo.

Kwa upande wa pili, jiulize nani ataitunza. WordPress ya kujiwekea mwenyewe ni programu ya bure, ndiyo, lakini inataka seva ya kulipia, PHP (lugha iliyoandikiwa programu hiyo) na kanzidata (ghala la makala na maoni), masasisho, na nakala rudufu. Ukiwa na watoto, kazi ya ofisini na blogu unayoandika Jumapili, hayo ni mifugo ya ziada. Ipo pia WordPress.com, inayoendeshwa na kampuni ya Automattic, ambako matunzo wanayafanya wao lakini uhuru wa kubadilisha hili na lile unategemea mpango unaolipia. Watu wanazichanganya hizi mbili kila siku, wananunua moja wakitaka nyingine. Hugo na Jekyll, zinazotengeneza kurasa tuli, nazipenda sana binafsi: hazina kanzidata ya kudukuliwa, na kurasa zinafunguka kabla hujapepesa. Ila kama neno "terminali" (dirisha la kuandikia kompyuta amri) linakutia baridi, nisikudanganye, utaacha kuandika.

"WordPress inadukuliwa hovyo"

Nyingi ya zilizodukuliwa nilizofungua zilikuwa na plagini isiyosasishwa tangu enzi, au templeti ya kulipia iliyopatikana "bure" kwenye tovuti ya vichochoroni. Aliyeivunja kufuli akakupa bure, unadhani alikuonea huruma? Humo ndani kuna mlango wake. Templeti za bure za halali zipo kwa maelfu kwenye hifadhi ya WordPress yenyewe. Chukua mojawapo.

"Nikilipia, haiwezi kufungwa"

Typepad ilikuwa ya kulipia tangu 2003. Ilifungwa tarehe 30 Septemba 2025. Blogger ni ya bure, ilianza 1999, Google wakainunua 2003, na naandika haya bado ipo. Malipo si kinga, wala bure si kaburi. Kabla ya kuchagua programu yoyote mimi hutafuta kwanza mlango wa kutokea: naandika makala mbili za majaribio zenye picha na maoni, nabonyeza kitufe cha kuhamishia nje, nafungua faili nililopewa. Makala zipo? Maoni yapo? Tarehe zipo? Kitufe kisipoonekana, au kikiwa nyuma ya malipo, naifunga na kuendelea na nyingine, hata iwe nzuri vipi.

Yule dada wa Tanga tulimrudishia ile ya Blogger, tukatoa anwani zote, tukazioanisha. Maoni ya 2014 kuhusu hamira ya ziada yamerudi, na shangazi yake wa Muscat aliyekuwa akipiga simu kuuliza mkate umeenda wapi ameshaupata. Bei niliyomtajia amesema ni kubwa kuliko ya templeti. Ni kweli, ni kubwa.