Filamu kuahirishwa: ni nini hasa kinachosogezwa, na kwa nini mashabiki hukasirika

Filamu huhesabiwa imeahirishwa pale studio inapofuta tarehe iliyokwisha kuitangaza ya kuionyesha kwenye majumba ya sinema, ikataja nyingine ya mbele au isitaje yoyote. Kuahirishwa si kufutwa, wala si lazima kazi iwe imechelewa. Filamu huweza kuahirishwa kabla kamera haijawashwa, na huweza kuahirishwa ikiwa imeshakamilika na inasubiri tu kusambazwa. Uzito wa hasira za mashabiki hutegemea sana ni ipi kati ya hizo mbili.

Tuanze na tarehe yenyewe. Shabiki huichukua kama ahadi. Kwa studio kubwa za Marekani, tarehe ni kama mambo ya kiwanja: unaweka bikoni mapema ili jirani asijenge. Hutangazwa hata miaka 2 au 3 kabla, pengine skripti haijaisha, ili studio nyingine isipange filamu kubwa wikendi ileile. Wikendi zinazogombaniwa ni chache: Mei hadi Julai, sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, na siku za kuelekea Krismasi. Basi tarehe iliyotajwa kabla filamu haijaanza kurekodiwa ni makadirio tu, hata kama imeandikwa kwenye bango.

Sababu ya kwanza ya kuahirisha ni kazi kutokwisha. Mwendelezo wa Avatar ulitajwa kwa Desemba 2014, ukatoka Desemba 2022. Katikati hapo skripti za sehemu kadhaa ziliandikwa kwa pamoja, na ikabidi itengenezwe mbinu ya kurekodi waigizaji wakiwa chini ya maji. Katuni za Spider-Verse, zinazomhusu Spider-Man, nazo ni mfano wa tarehe iliyokuwa finyu tangu mwanzo: sehemu ya pili ilitoka Juni 2023 na kukatia kisa katikati, huku ya tatu ikiwa imepangwa Machi 2024, yaani chini ya miezi 10 baadaye. Filamu ya katuni ya ukubwa ule huchukua miaka. Julai 2023 tarehe ikaondolewa kabisa, na baadaye ikatajwa 2027. Kinachouma hapo ni kumwacha mtazamaji na kisa kisichoisha, kisha kumnyima hata siku ya kuhesabia.

Sababu ya pili ni kalenda, na hii ndiyo inayochoma kuliko zote. Harry Potter and the Half-Blood Prince ilipangiwa 21 Novemba 2008. Mwishoni mwa Julai mwaka huo trela ya kwanza ikatoka. Katikati ya Agosti, Warner Bros. ikatangaza kuwa filamu imehamishiwa Julai 2009, miezi 8 mbele. Rais wa studio, Alan Horn, alieleza wazi kwamba filamu haikuwa na tatizo lolote. Mgomo wa waandishi wa skripti wa Marekani, ulioanza Novemba 2007 na kwisha Februari 2008, ulikuwa umechelewesha skripti nyingine, na ratiba ya studio ya majira ya joto ya 2009 ikabaki na pengo. Tena filamu ya Harry Potter iliyotangulia, ya Julai 2007, ilikuwa imeonyesha kwamba msimu huo unalipa. Mashabiki walituma barua na kukusanya saini, hadi Horn akalazimika kuwaandikia moja kwa moja.

Malalamiko yale yalikuwa na haki. Filamu ikicheleweshwa ili irekebishwe, mtazamaji hulipwa subira yake kwa kitu bora zaidi. Ikicheleweshwa kwa ajili ya kalenda, kitakachoonyeshwa ni kilekile, na faida ni ya studio peke yake. Linganisha na Sonic the Hedgehog. Trela ya Aprili 2019 ilipokosolewa kwa sura ya mhusika mkuu, filamu ilisogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020 ili sura hiyo ichorwe upya. Wengi waliipokea habari hiyo vizuri, kwa kuwa walijua wanachosubiri.

Yapo pia mambo yasiyo mikononi mwa studio. Mwaka 2020 janga la korona lilifunga majumba ya sinema. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kuanzia Julai hadi Novemba, na kanuni za mgomo ziliwakataza kuzitangaza filamu zao. Filamu ya Dune: Part Two ikaondolewa kwenye tarehe yake ya Novemba 2023 na kupelekwa Machi 2024, kwa sababu filamu ya waigizaji maarufu isiyoweza kuwatumia kwenye mahojiano na uzinduzi hupoteza sehemu kubwa ya matangazo yake. Ikumbukwe pia kwamba filamu moja ikihama husukuma nyingine. Skrini za IMAX, zile kubwa kupita za kawaida, ni chache, na studio haipendi filamu zake mbili kubwa zigombee watazamaji walewale.

Ukisoma tangazo la kuahirishwa, uliza kwanza kama kurekodi kumekwisha. Filamu yenye madoido mengi ya kompyuta huhitaji takriban mwaka mmoja baada ya hapo, hivyo tarehe iliyo karibu kuliko hivyo ni ya kutiliwa shaka. Kisha pima urefu wa kusogezwa. Wiki chache mara nyingi ni kukwepa mshindani. Kuruka kutoka msimu mmoja hadi mwingine huku filamu ikiwa tayari ni hesabu za mapato. Tarehe ikiondolewa bila nyingine kutajwa, hasa ikiambatana na kubadilishwa kwa mwongozaji au mwandishi, tegemea kungoja mwaka au zaidi. Tiketi zikishaanza kuuzwa, kwa kawaida wiki chache kabla ya onyesho, kuahirishwa huwa ni nadra, maana fedha za matangazo zimeshatumika na hazirudi.

Kukusanya saini huweza kuifanya studio ijieleze, lakini ni nadra kurudisha tarehe ya awali. Half-Blood Prince haikurudi Novemba. Badiliko pekee lililofuata lilikuwa kutoka 17 Julai hadi 15 Julai 2009: siku 2.